Barua ya Wazi kwa Maktaba na Wachora Bede wa Lubumbashi: Hadithi Zipi za Storm Zikusanywe

Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa wasimamizi wa maktaba za shule na vyuo, waendeshaji wa vituo vya utamaduni na wachora bede wa jiji la Lubumbashi. Na kupitia kwao, kwa wachapishaji wenye haki za hadithi zinazotajwa humu.



Barua hii inahusu kitabu ambacho bado hakipo, nacho ni mkusanyo wa hadithi za Storm, shujaa wa kike wa bede za Marekani, uliochaguliwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili wa Kongo. Bede, kwa jina lililotokana na Kifaransa, ni hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizopangwa ndani ya fremu, maneno ya wahusika yakiwekwa katika viputo na ya msimulizi katika visanduku. Mkusanyo nao ni juzuu inayotoa hadithi chache kutoka katika mamia ya matoleo ya kila mwezi na kuzipanga ili zisomwe kwa mfululizo. Haki za Storm ni mali ya kampuni ya Marvel, ambayo Disney iliinunua mwaka 2009, na hakuna awezaye kutafsiri hadithi hizo na kuziuza bila idhini yake. Orodha ya hadithi, hata hivyo, haihitaji idhini ya mtu. Inaweza kuongoza tangu sasa ununuzi wa juzuu za Kifaransa kwa ajili ya rafu za maktaba, inaweza kutumika katika warsha za wachoraji vijana, na siku mlango wa haki utakapofunguliwa, kazi ngumu ya kuchagua itakuwa imekwisha kufanywa na watu wa hapa badala ya kufanywa kwa niaba yao.

Storm alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo maalumu la Giant-Size X-Men namba 1, lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe, na wasomaji wa Kifaransa wanamjua kwa jina la Tornade, kwa kuwa hadithi za X-Men, kundi la mashujaa ambalo yeye ni mmoja wao, zilitafsiriwa katika jarida la Spécial Strange lililotolewa Lyon kuanzia miaka ya 1970. Baba yake, David Munroe, ni mpigapicha wa habari, Mmarekani mweusi. Mama yake, N'Daré, ni mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Kenya (nchi ya Kenya, isichanganywe na komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi iliyo jirani na Kamalondo na Katuba). Ororo ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na tofauti ya kimaumbile inayompa uwezo usio wa kawaida, na uwezo wake ni kuitawala hali ya hewa: upepo, mvua, ukungu na radi. Wazazi wake walikufa Kairo mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, ndege ilipoiangukia nyumba yao, na mtoto akafukiwa chini ya kifusi kando ya maiti ya mama yake, jambo lililomwachia hofu isiyokwisha ya mahali pa kufungika. Alilelewa na wezi wa mjini Kairo, akajifunza kuchomoa pochi mifukoni, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini mpaka nyika za Afrika Mashariki, ambako watu walimwabudu kama mungu wa mvua. Anayepiga hesabu ya umri wake kuanzia 1956 atapata bibi kizee. Kampuni imeamua kutopiga hesabu hiyo, na msomaji hana budi kuwa mpole.

Mkusanyaji wa hadithi za shujaa yeyote hushawishika kuchukua kwanza zile zilizo maarufu: kutokea kwa mara ya kwanza, vita vikubwa kuliko vyote, harusi, kifo na kufufuka. Njia hiyo inafaa kwa msomaji ambaye tayari amesoma zote na anataka kumbukumbu rafuni, lakini haimfai msomaji anayemkuta Storm kwa mara ya kwanza, kwa sababu umaarufu wa toleo mara nyingi unatokana na mnada wa wakusanyaji wa Marekani na si na uzito wa hadithi yenyewe. Kigezo kinachopendekezwa hapa ni kimoja tu: hadithi iingie ikiwa ndani yake Storm anaamua jambo lenye gharama, na iachwe ikiwa ndani yake anapamba ukurasa.

Kwa kigezo hicho, hata hadithi ya 1975 inaponea chupuchupu. Ndani yake Profesa Xavier, Mzungu kutoka Marekani na mwanzilishi wa X-Men, anamkuta Ororo akiabudiwa na wanakijiji wanaoomba mvua, anamwambia kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, naye katika fremu chache anakubali kuiacha Afrika na kumfuata. Wanakijiji hawana majina wala neno la maana la kusema. Nyika ya Serengeti, ambayo masimulizi ya Marvel yameiweka Kenya, ni mbuga ya Tanzania, na sehemu ya nyika hiyo iliyo upande wa Kenya inaitwa Maasai Mara; kuiweka Kenya ni kosa ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi ya Arusha angelisahihisha bila kufungua atlasi. Hata hivyo kurasa hizo zichapishwe, zikitanguliwa na utangulizi unaoyasema haya waziwazi, kwa maana Kongo ina uzoefu mrefu wa kusoma bede inayomchora Mwafrika kwa dharau: Tintin au Congo ya Hergé ilianza kutolewa Brussels mwaka 1930, shauri la kutaka izuiwe lilikataliwa na mahakama ya Ubelgiji mwaka 2012, na kitabu kinaendelea kuuzwa. Msomaji aliyeandaliwa huona zaidi kuliko msomaji aliyefichwa.

Baada ya kurasa hizo ifuate Uncanny X-Men namba 102 ya mwaka 1976, kazi ya mwandishi Chris Claremont, aliyewaandika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991 na ambaye ndiye aliyemfanya Storm awe mtu. Ndani ya ngome moja ya Ireland, wenzake wakipigana, Storm anaganda kwa hofu ya kuta zinazomzunguka, na katika kuganda huko ndipo historia ya Kairo inaposimuliwa. Wachapishaji wengine wanaweza kushawishika kukata vita na kubakisha kumbukumbu ya utoto peke yake. Hilo lingekuwa kosa, kwani kumbukumbu hiyo inapata nguvu kwa sababu inakuja wakati ambapo inamgharimu.

Moyo wa mkusanyo uwe miaka ya 1983 hadi 1986, na hapa barua hii inaomba subira ya wasomaji wake, maana ndipo penye utajiri. Katika namba 170 ya mwaka 1983, iliyochorwa na Paul Smith, X-Men wanashuka katika mahandaki yaliyo chini ya jiji la New York kumwokoa mwenzao aliyetekwa na Morlocks, jamii ya mutanti waliojificha chini ya ardhi kwa sababu sura zao haziwaruhusu kuishi juu. Storm ni mgonjwa, kuta zimembana, na uongozi wa Morlocks unaweza kutwaliwa kwa njia moja tu, yaani kupigana kwa visu na kiongozi wao Callisto. Mwenzake anajitolea kupigana badala yake, naye anakataa. Anamchoma Callisto kisu kifuani. Callisto anaponywa na mganga wa Morlocks, lakini marafiki wa Storm wameona uso ambao hawakuujua, na hadithi haiwaharakishi kumsamehe. Msomaji wa Lubumbashi ambaye babu yake aliteremka katika mgodi wa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini, ambako shaba na zinki zilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, atazisoma kurasa hizo za mahandaki kwa namna ambayo mchoraji wa New York hakuitarajia, kwa sababu anajua kwamba kuteremka chini kila siku ukiwa na hofu si jambo la hadithi za kubuni.

Mwaka 1984, katika namba 185, Storm anapigwa na silaha inayozima uwezo wa mutanti, silaha iliyobuniwa na mhandisi Forge, mwenyeji wa taifa la Wacheyenne, kwa ajili ya serikali ya Marekani, na ambayo haikuwa imelengwa kwake. Namba 186, iitwayo Lifedeath, inaanza baada ya pigo hilo. Barry Windsor-Smith ndiye aliyeichora, na kazi yake inastahili kutazamwa fremu kwa fremu: mistari midogo midogo iliyosongamana inayojenga kivuli cha shavu, mashuka yaliyokunjamana, na mwanamke aliyezoea kuuhisi upepo kama sehemu ya mwili wake akiwa amelala katika nyumba ya ghorofa mjini Dallas, bila kuhisi chochote. Karibu hakuna vita. Forge anamhudumia, wanazungumza, wanapika, wanaanza kupendana, na ndipo Storm anaposikia mazungumzo ya simu yanayomfunulia kwamba mwenyeji wake ndiye aliyeitengeneza silaha iliyomvua uwezo wake. Anaondoka. Ikiwa maktaba ya shule moja itapata fedha za kununua hadithi moja tu ya Storm, inunue hii.

Sehemu ya pili, namba 198 ya mwaka 1985, inamrudisha Afrika Mashariki akiwa hana uwezo wowote, akitembea katika nchi ya ukame na kumsaidia mwanamke mjamzito kufika kijijini kwake. Mtoto anazaliwa hapumui, na Storm, ambaye zamani angeweza kuamuru tufani, anampa pumzi ya mdomo wake. Katika kijiji hicho chakula hakitoshi, hivyo kila uhai mpya unapoingia, mzee mmoja huachia nafasi yake kwa kufa. Mhakiki mkali atasema, na atakuwa na haki, kwamba desturi hiyo imebuniwa na watu wa nje na haikunasibishwa na kabila lolote linalojulikana; wazee wa Katanga, kama wazee wa mahali pengine, hawasubiriwi wafe ili wajukuu wale. Pamoja na hayo hadithi iingie, kwa sababu Mwafrika humo ana jina, ana sauti na ana hoja, na kwa sababu Storm anarudi kama mgeni wa kujifunza, tofauti kabisa na yule mungu wa 1975. Windsor-Smith aliandaa pia sehemu ya tatu ambayo Marvel iliikataa. Akambadilisha mhusika mkuu, na kazi hiyo ikatoka mwaka 1999 kwa jina la Adastra in Africa. Haiwezi kuingia katika mkusanyo wa Storm, lakini hakuna sheria inayoizuia kusimama pembeni yake rafuni.

Ya mwisho katika kundi hili ni namba 201, ya Januari 1986, iliyochorwa na Rick Leonardi. Storm, bado bila uwezo, anashindana na mwenzake Cyclops kuwania uongozi wa X-Men, na anashinda kwa akili, kwa kumvua miwani inayoudhibiti mwali wa macho yake. Toleo ni fupi na lina mengine mengi yasiyohusika, lakini mwanamke wa asili ya Kenya anayetwaa uongozi wa kundi kwa ushindani wa haki, katika bede ya Marekani ya mwaka 1986, ni jambo ambalo halikuwa na mifano mingi.

Kuhusu harusi, barua hii inapendekeza iachwe. Mwaka 2006 Storm aliolewa na T'Challa, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, katika Black Panther namba 18, na mwandishi wa riwaya Eric Jerome Dickey akaandika matoleo sita kuhusu mapenzi yao ya ujanani. Mwaka 2012 ndoa ikavunjwa. Kurasa ni nzuri, mavazi yanapendeza, na wasomaji wengi weusi wa Marekani waliifurahia ndoa hiyo kwa sababu zinazoeleweka. Lakini Storm ndani yake anageuka kuwa malkia wa nchi ya mwingine, na maamuzi mengi yanafanywa juu yake kuliko yanavyofanywa naye. Anayetaka kuwaona wawili hao pamoja asome hadithi fupi iliyomo katika Marvel Team-Up namba 100 ya mwaka 1980, ambamo binti Ororo ndiye anayemwokoa mwana wa mfalme. Hiyo iingie, na inatosha.

Ilipita miaka 39 kabla Storm hajapewa mfululizo wa kudumu wenye jina lake mwenyewe, ulioandikwa na Greg Pak mwaka 2014 na kukoma baada ya matoleo 11. Toleo la kwanza lichukuliwe: Storm anaokoa watu wa pwani kutokana na wimbi kubwa, kisha anapambana na jambo gumu zaidi, nalo ni mwanafunzi msichana wa Meksiko anayemwambia usoni kwamba shule ya mutanti si nyumbani kwake, na Storm badala ya kumhutubia anamsikiliza na kumrudisha kwao. Mfululizo ulioanza Oktoba 2024 umeandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck, na unaanza kwa mlipuko wa nyuklia katika Oklahoma City unaomwachia Storm ugonjwa wa mnururisho. Mkoa uliotoa madini ya urani ya Shinkolobwe, yaliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945, una haki ya pekee ya kuisoma hadithi hiyo, na mwalimu wa historia wa Likasi hatakosa la kuongeza.

Swali linalobaki ni la mpangilio, na jibu lake liko Lubumbashi kwenyewe. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa jiji hili wakati lilipoitwa Elisabethville, alikuwa akiuza picha zake moja moja kwa wateja wa kawaida, mpaka mwaka 1973 na 1974 alipozipanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian turubai zipatazo mia moja ziwe historia moja ya nchi, kuanzia enzi za mababu hadi Zaire ya wakati wake, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Picha ile ile ya askari akimchapa mfungwa kiboko, iliyoning'inizwa peke yake sebuleni, ilikuwa ukumbusho; ilipowekwa kati ya picha iliyotangulia na iliyofuata, ikawa hoja. Fabian alizichapisha katika kitabu mwaka 1996. Mkusanyo wa Storm ufuate njia hiyo, hadithi zikipangwa kwa mwendo wa kutoka kwa mungu anayepigiwa magoti hadi kwa mwanamke anayeulizwa maswali, na kila hadithi itanguliwe na maelezo mafupi ya Kiswahili yanayosema kwa nini imewekwa hapo. Visanduku vya msimulizi viandikwe kwa Kiswahili sanifu, na viputo vya wahusika viruhusiwe kusema Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho kundi la maigizo la Mufwankolo lilikipandisha jukwaani na redioni kwa miongo mingi bila mtu kulalamika kwamba hakieleweki.

Mwisho wa juzuu pawe na kurasa chache za wachoraji wa hapa, na hili si pambo. Mkongomani Pat Masioni amekwisha kuchora matoleo ya Unknown Soldier kwa kampuni ya DC ya Marekani, hadithi inayotokea kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2014 alichora kwa ajili ya UNESCO maisha ya Njinga Mbandi, malkia wa Ndongo na Matamba. Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Mzambia Malenga Mulendema alibuni Supa Team 4, katuni ya wasichana mashujaa wa Lusaka iliyotoka mwaka 2023. Katanga nayo inaye Lueji, binti wa chifu wa Walunda ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, baba yake alimpa bangili ya utawala iitwayo lukano na kuwanyima kaka zake waliomkosea heshima, naye akaolewa na mwindaji Mluba Chibinda Ilunga, na kaka yake Kinguri akahamia magharibi kwa hasira. Lueji anakidhi kigezo cha barua hii kuliko hadithi nyingi za Storm, na zaidi ya hayo hana kampuni inayommiliki, hivyo kurasa zake zinaweza kuanza kuchorwa bila kusubiri jibu la Marvel.

Linaloombwa, basi, ni mambo yanayowezekana. Maktaba zenye bajeti ya vitabu vya Kifaransa zianze kwa kutafuta juzuu zenye hadithi za 1983 hadi 1986, Lifedeath ikiwa ya kwanza. Kituo cha utamaduni cha Halle de l'Étoile na kituo cha sanaa cha Picha, ambacho kimeandaa maonyesho ya kimataifa ya Lubumbashi tangu 2008, zifikirie warsha moja ya wachora bede juu ya Lueji, yenye malipo kwa wachoraji, maana vijana wa Katuba na Ruashi hawawezi kuchora kwa sifa peke yake. Wachapishaji wenye haki za Storm nao wajibu hata kwa mstari mmoja iwapo toleo la Kiswahili linaweza kujadiliwa na kwa masharti gani, kwa kuwa ombi la namna hiyo haliwezi kuendelea kuwa ndoto ilhali lugha yenyewe ni moja kati ya lugha nne za taifa la Kongo.